Ndoto za Kuazima

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Kamachumu.

Nimeanza daftari hili kwa sababu nina adui, na mwenye adui lazima aweke kumbukumbu. Adui mwenyewe ni Karugendo, jirani yangu na balozi wetu wa nyumba kumi. Tumepakana. Milamula ya mpakani aliipanda marehemu baba, na kila masika naikuta imesogea kwangu hatua moja. Tangu lini mti unatembea?

Leo mkutano kwenye ghala la kahawa. Katibu Kata, Ndugu Datius, ametangaza kijiji kipya cha ujamaa kule rweya, kwenye nyasi tupu, ambako mgomba ukipandwa Jumatatu, Ijumaa umekufa. Kila nyumba kumi itoe mtu mmoja mwenye nguvu, akajenge, akalime, akae hukohuko. Hapa kwetu wazee hawatembei, wajane hawaguswi, mwalimu ana shule yake. Tumebaki wawili. Mimi na Karugendo! Uamuzi ni Jumamosi tarehe 24. Mwenye udhuru alete cheti cha daktari.

Karugendo kanitazama akatabasamu. Najua anachowaza. Kibanja changu cha migomba! Kaburi la baba limo mle! Nikienda mimi, milamula itafika mlangoni.

Udhuru utafutwe. Mgongo niliutumia kwenye ujenzi wa zahanati. Tumbo lilikwisha kwenye mtaro wa shule. Mguu nilisahau ni upi, nikachechemea mguu mwingine mbele ya watu. Nimebakiwa na kichwa.

Jumanne, 6 Agosti.

Mungu hamtupi mja wake. Nimesikia kwamba hospitalini Bukoba yuko daktari wa akili, Dakta Yunus, mzaliwa wa mjini hapohapo, kasomea Ulaya miaka saba. Hachomi sindano. Hatoi vidonge. Anatibu kwa kumsikiliza mgonjwa. Basi! Kama dawa ni maneno, mimi ninayo ya kuitosha wodi nzima.

Mke wangu Clotilda kauliza naumwa nini. Nikamwambia tatizo ndilo hilo, ugonjwa haujulikani. Akachukua jembe akaenda zake. Mwanamke huyu hana huruma.

Alhamisi, 8 Agosti. Bukoba.

Basi limenishusha saa nne, vumbi hadi ndani ya masikio. Nesi Mwamvita kaniingiza chumbani. Dakta Yunus ni kijana, miwani, shati jeupe. Akasema nilale kitandani. Nikalala. Yeye akachukua kiti akakaa nyuma ya kichwa changu. Kimya!

Kwetu anayelazwa chali, mtu kakaa kichwani bila kusema, ni maiti. Nikamsalimu upya. Akaitikia kidogo. Nikauliza habari za nyumbani kwake, za mama, za mifugo. Kimya. Kalamu tu inakwaruza karatasi.

Kisha nikaelewa. Kumbe! Hii ni posa! Wenye binti hukaa kimya hivihivi, hawasemi ndiyo wala hapana, wewe unaongeza. Kijana kasoma Ulaya lakini damu ni ya Bukoba. Nikatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, nikamnyooshea. Kimya. Nikaahidi mkungu wa ndizi. Kimya! Nikapanda hadi jogoo. Hapo akakohoa. Nikajua tunaelekea.

Mwishoni akaniuliza ndoto zangu. Balaa. Mimi nikilala nimelala, sioni kitu mpaka asubuhi. Nikamwambia nimeziacha nyumbani.

Ijumaa, 9 Agosti.

Clotilda huota. Kila asubuhi akimenya ndizi husimulia, na kwa miaka kumi na moja sijapata kusikiliza. Leo nikavuta kigoda nikakaa karibu. Alishtuka, kisu kikamteleza.

Anaota mbuzi. Anaingia ndani bila hodi, dume kubwa, anakaa kwenye kiti. Clotilda anapika. Mbuzi anakula. Anamaliza sufuria nzima, anajifuta ndevu, anauliza mbona hakuna chumvi. Basi hapo huamka analia. Nikamwambia ndoto nzuri sana, aendelee nazo. Akanitazama, akasema hajawahi kusikia nikimsifu kitu.

Jumatatu, 12 Agosti. Bukoba.

Nimempelekea Dakta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ile iliyokomaa, inayochoma koo. Hakugusa. Nikasema kibuyu ni kidogo, nitaleta kikubwa. Nje Nesi Mwamvita akaninong'oneza kwamba Dakta ni Mwislamu, baba yake ndiye huadhini msikitini. Salaale! Basi sasa nina deni la heshima juu ya ugonjwa.

Lakini ndoto imeingia barabara. Nilipofika kwenye chumvi, nikalia kidogo. Machozi ya kweli, nilikuwa nimesugua kitunguu. Dakta akasogeza kiti! Akauliza mimi hufanya nini katika ndoto hiyo. Nikasema namenya ndizi. Akauliza nyumbani nani humenya ndizi. Nikacheka. Mimi, mwanaume? Nikakumbuka nilipo, nikaacha kucheka.

Nikamwomba cheti. Akasema mapema mno. Nikamsihi siku ya kuandika aandike yote, asinifiche hata neno. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema tafadhali, waitu, yote!

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Baada ya misa Karugendo kanifuata akauliza hali ya kichwa. Habari zimeshafika! Nikageuza macho juu nikamwita kwa jina la marehemu mjomba wake. Akarudi nyuma hatua tatu. Furaha yangu siwezi kuieleza. Nilimwona tayari yuko rweya, amevua shati, anapigana na nyasi.

Clotilda kaleta ndoto mpya. Sikukuu kweli!

Ijumaa, 16 Agosti. Bukoba.

Nimeisimulia neno kwa neno. Natoka rweya na mzigo wa nyasi za kutandaza kibanjani, uko kichwani, kilima kikali. Mbuzi yuleyule kakaa juu ya mzigo. Analalamika namtikisa. Ananiambia wake wa wenzake hutembea vizuri. Nami siwezi kumtua, kwa sababu mkono mmoja nashika mzigo na wa pili nashika kanga yangu isianguke.

Kalamu ikasimama. Dakta akauliza: kanga?

Nikasema shuka. Akasema nimesema kanga. Nikasema ugonjwa umefika pabaya, si unaona mwenyewe? Kimya. Lakini kimya cha leo kilikuwa kingine. Nilihisi anacheka kule nyuma, ila nilipogeuka alikuwa anafuta miwani.

Akasema Jumanne nije na mke wangu. Safi! Shahidi! Bila shaka cheti kinahitaji sahihi ya familia.

Jumanne, 20 Agosti. Bukoba.

Nimemfundisha Clotilda njia nzima ndani ya basi. Aseme sili. (Nakula.) Aseme silali. Aseme nazungumza na ukuta. Akasema hilo la ukuta ni kweli, ila ukuta ni yeye. Sikuelewa, basi lilikuwa na kelele.

Dakta akamwingiza peke yake. Nimekaa barazani nje saa nzima na nusu! Kwanza kimya. Halafu nikamsikia Clotilda anaongea, anaongea, kama mvua ya Aprili. Halafu analia. Nikafurahi, nikatamani aongeze sauti kidogo. Halafu anacheka! Tukaharibikiwa, nikajisemea, mgonjwa gani huyu mkewe anacheka?

Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini shingo imenyooka. Nilimwona hivyo mara ya mwisho siku ya harusi. Nikamuuliza amesema nini. Akasema ameulizwa habari zake. Nikauliza na zangu? Akasema zimo ndani yake.

Dakta ametupatia bahasha mbili zimefungwa, moja yangu, moja yake. Yangu nene! Aliniambia nikitaka nisiipeleke, na akashauri niisome kwanza. Nisome nini? Muhuri upo. Nimempa mkono, nikamwachia jogoo. Jogoo akakimbilia wodini.

Jumamosi, 24 Agosti.

Ghala limejaa. Karugendo kasimama akasema yeye hana cheti, atakubali lolote. Mjinga! Nikapita mbele taratibu, nikiyumba, nikampa Datius bahasha yangu, nikamwomba asome kwa sauti ili Karugendo asije akadai hakusikia.

Akasoma. Kwamba nimemwomba Dakta mwenyewe aandike yote bila kuficha. Kwamba amenisikiliza mara tatu. Kwamba sina ugonjwa wowote wa akili. Kwamba nalala vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpima, hapa na Ulaya. Kwamba ndoto nilizopeleka si zangu. Kwamba nina akili nyingi na mwili wenye nguvu ambazo bado hazijatumika, na kazi ya jembe, mbali kidogo na nyumbani, itanifaa sana.

Wakapiga makofi! Wazee wasiotembea walisimama kupiga makofi!

Nikapiga kelele kwamba kibanja kitaachiwa nani. Ndipo Clotilda akatoa ya kwake. Ya kwake inasema amechoka mwili na moyo, apumzike miezi sita, asihamishwe, asibebeshwe mzigo wa mtu mwingine. Datius akaandika: mume rweya, mke abaki kibanjani. Karugendo kama balozi akaagizwa amlimie kila Jumamosi, na kwanza kabisa arudishe milamula mahali pake.

Mambo yote niliyoyataka yametendeka. Ila mimi simo.

Jumapili, 8 Septemba. Kijijini, rweya.

Malengelenge kumi na moja. Nyasi zinakata. Nalala kibandani na mzee mmoja, Kaijage, anayekoroma. Jembe langu halina mpini wa maana.

Clotilda kaja kunitembelea baada ya misa, kaleta ndizi zilizopikwa. Amenenepa. Anaimba njiani, watu wamenieleza. Anasema haoti tena yule mbuzi, tangu siku niliyoondoka. Nikamwuliza alikuwa mbuzi wa namna gani hasa. Akatazama milima. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba alivaa kofia. Kofia ya pama, ya kijivu, yenye tundu la moto pembeni. Akasema Privatus, fikiri. Machozi yalimlengalenga. Akaniaga, akaenda.

Nimefikiri mchana kutwa. Sijapata kufikiri hivi. Kofia ya pama, ya kijivu, tundu la moto. Hiyo ni kofia yangu! Ninayo kichwani sasa hivi! Halafu saa kumi jioni, katikati ya tuta, nikapata jibu, nikatupa jembe. Mwaka 1971 niliiazimisha kofia hii kwa harusi. Ilirudi na tundu. Na nani aliiazima?

Karugendo!

Kumbe mbuzi ni Karugendo! Miaka yote hii anamsumbua mke wangu hadi usingizini, na Dakta msomi mzima hakuona. Nitakwenda Bukoba nimweleze, abadilishe cheti. Mara hii sipeleki pombe, napeleka tende. Na ndoto ninayo: Kaijage anaota mamba kila siku, amekubali kuniazima kwa nusu paketi ya sigara.

Kaijage anashuka Kamachumu kesho. Nimemtuma apite kwa Clotilda amwulize jambo moja. Ndizi zile nimezimaliza zote, sufuria nzima. Lakini mbona hakutia chumvi?