Blauzi ya Kubana ya Mama Mkwe

Jumatano, 2 Julai

Mambo ni mabaya. Mama mkwe ametangaza, tena mbele ya Nzilani jirani, kwamba mashine yake ya kufuma haiwezi kuendelea kulala nyumbani kwangu kama mgonjwa. Wifi yangu Kaluki anakuja Jumapili kutoka Matiliku na pikapu ya bwanake. Kama kufikia hapo sijafuma kitu cha kuvaliwa na mtu mzima, mashine inapanda pikapu.

Mpaka sasa nimefuma soksi moja. Ya kulia.

Nzilani hufuma sweta za shule, na anajiona sana. Akasema mimi na mashine ni kama kuku na kitabu cha nyimbo. Nikacheka kwa adabu. Nkt!

Mashine ikienda, itabidi nimfuate bwanangu Mwau kule Kiboko, tupalilie mashamba ya watu sisi wawili. Na mtoto? Ana miezi saba tu. Nikitoka kuchota maji ananililia kama nimehamia ng'ambo. Hapana. Mashine haiendi popote, na mtoto wangu atalala hapa kando yake nikifuma.

Nimepata mpango! Nitamfumia mama mkwe mwenyewe blauzi ya kubana, ile ya kushika kiuno. Zambarau. Atawezaje kuninyang'anya mashine huku amevaa kazi yake?

Alhamisi, 3 Julai

Nimenunua uzi kwa Hodan, mwenye duka hapa Tulia sokoni. Akauliza vipimo viko wapi. Nikasema hakuna, ni siri, mwenyewe hajui. Akanitazama. Akasema, abaayo, yaani dada kwa Kisomali, blauzi ya kubana bila kupima kifua? Heri ufume blanketi. Hodan ni mtu mzuri lakini hana imani.

Nimewaza mchana kutwa. Nikimpima, atajua. Nguo zake kwa kamba ni dera tupu, pana kama hema la mkutano. Sasa nitapima nini?

Mara mtoto akapiga chafya. Chafya ya nyanyake kabisa! Nikaona mwanga. Mtoto wangu anaitwa Kanyiva, jina la mama mkwe, vile desturi yetu inataka kwa msichana wa kwanza. Tangu azaliwe, kila mgeni anasema huyu ni nyanyake mtupu, kuanzia paji la uso mpaka kisigino. Hata mama mkwe huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu ni kama nimemzaa yeye. Sasa kama nimemzaa, si vipimo vyake ninavyo hapa kitandani?

Nikalinganisha slipa yake na kiatu cha mtoto. Mara mbili na kidogo. Hiyo kidogo nimesamehe.

Nikampima mtoto. Kifua, kiuno, mkono, kila kitu mara mbili. Shingo nikaipimia kwenye kichwa, kwa maana nguo lazima ipite. Aliutafuna utepe wa kupimia mara tatu. Kitu kimoja kilinishangaza: kiuno kilizidi kifua. Nikapima tena. Kikazidi tena. Basi, hesabu ni hesabu.

Ijumaa, 4 Julai

Asubuhi safi. Upande wa mbele ukateremka kutoka kwa mashine kama maji. Vile vyuma vya kuvuta kazi chini vilipotea zamani, kwa hivyo nimetundika kufuli mbili.

Saa nne, balaa. Mtoto aliukata uzi kwa meno yake mawili. Mimi sikuona. Nikasukuma lile gari la mashine, linalopitisha uzi, kutoka sindano ya kwanza hadi ya mwisho, bila uzi. Vitanzi vyote vikaachilia! Kazi nzima ikaanguka, pamoja na kufuli, juu ya kuku aliyekuwa amelala chini ya meza. Kuku akatoka mbio amevaa zambarau mpaka kwa Nzilani.

Nzilani akarudisha kazi mwenyewe, polepole, ili watu waone. Akasema anafurahi nimepata mteja wa kwanza, na kwamba kwa kifua imemkaa vizuri sana.

Nimeanza upya.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemaliza! Nimeunganisha! Ukiiweka mezani inafanana na mtungi, lakini nguo ambayo haijavaliwa haina sura.

Kwa nyuma, chini, kuna mfuko ambao sikuupanga. Nimefikiri sana. Kumbe nilimpima mtoto akiwa na nepi. Tena imejaa. Nimeuacha. Mama mkwe huvaa sketi nzito.

Mwau amepiga simu. Akauliza kwa nini sikumpima tu mamake. Wanaume hawajui fasheni.

Jumapili, 6 Julai

Kaluki alifika baada ya kanisa. Pikapu aliigeuza, matako ya gari yakaelekea mlango wangu. Nikatoa blauzi haraka.

Mama mkwe akaivaa juu ya nguo. Shingo ilipita kichwa bila kugusa, ikapita mabega, ikasimama viwikoni. Mikono ikaishia pale pale viwikoni, ikamfunga kama mhalifu. Tumbo likasimama mbele peke yake. Nyuma, nepi.

Kaluki akauliza ni mtego wa nini. Nzilani, ambaye hakuna aliyemwita, akampa mama pongezi na kuuliza anajifungua mwezi gani.

Mama mkwe akaniuliza vipimo nilitoa wapi. Nikakiri yote. Kaluki akaanza kukunja mikono ya blauzi yake mwenyewe ili abebe mashine. Nilimkumbatia mtoto, machozi yamenijaa.

Mama mkwe akamtazama mtoto. Akatazama tumbo la blauzi. Akapapasa nyuma. Kisha akaketi chini, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Ati, mwaitu, hata nepi umenifumia! Akajifuta macho. Akasema tangu mamake afariki, hakuna mtu amewahi kumtazama akaona mtoto.

Kaluki amerudi Matiliku na gunia la mbaazi. Mashine imebaki mpaka Desemba! Lakini kwa sharti: nimfumie baba mkwe sweta ya baridi, na safari hii nifuate vipimo vya mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Baba mkwe! Mimi, mke wa mtoto wake, nimzungushie kipimo kifuani? Hata nikikutana naye njiani huwa ninaingia vichakani nimpishe. Mama mkwe ameniambia nisijali, atampima yeye, aniandikie kwenye karatasi. Nimemwambia asijisumbue.

Baba mkwe ana kiti chake cha plastiki. Amekikalia miaka kumi na moja, hakuna mwingine hukikalia, na sasa wamechukuana umbo. Mgongo ndio huo. Mabega ndiyo hayo. Mikono ipo yote miwili.

Nimeshakipima. Miguu ni minne, lakini hiyo si shida. Sweta haifiki huko.