Gari-Nyumba Letu Limeinama Kushoto

Jumatatu, 5 Agosti

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama: chini ya kitanda changu kuna ndoo nne za zege.

Si za kujengea. Ni za misuli. Muhula uliopita nilishindwa kuhamisha dawati langu. Nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa wavu akalibeba kwa mkono mmoja, akaniuliza aliweke wapi. Shule yetu inafundisha kwa lugha mbili, nami nikakosa neno katika zote mbili. Nikaonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo likizo hii nimejitengenezea vyuma vya mazoezi. Ndoo kuukuu za rangi, mchanga wa nyuma ya nyumba, na saruji iliyobaki baba alipojenga kidaraja cha kukanyagia hapa mlangoni. (Alikijenga juu mno. Mlango hupita juu yake kwa nafasi ya kidole.) Kosa langu ni dogo tu: nilikoroga zege na kulimwaga humo humo chini ya kitanda, nisionekane. Likakauka. Sasa siwezi kuinua hata ndoo moja! Nalala chali, nazisukuma kwa miguu. Nadhani nayo ni mazoezi.

Kitanda chenyewe kiko ndani ya gari-nyumba. Ni basi dogo lenye jiko, tangi la maji na vitanda viwili, kimoja kila upande. Baba alilinunua tuzunguke nchi nzima. Tulizunguka mpaka kituo cha mafuta, tukarudi. Tangu hapo limeegeshwa uani, na ndicho chumba changu. Changu peke yangu! Ndani ya nyumba ningelala na wadogo zangu watatu. Mmoja hupiga mateke, mwingine huimba usingizini, wa tatu sitaki hata kumwandika.

Leo mama ametoka kuanika nguo. Akasimama. Akapinda shingo. Akamwita baba, naye akapinda shingo. Gari limeinama kushoto. Upande wangu.

Baba akaleta gololi, akaiweka katikati ya sakafu, akasema tutapima kisayansi. Gololi ikabingirika kushoto, ikaingia chini ya kitanda, ikagonga: ng'! Baba akauliza kuna nini huko. Nikasema viatu. Akasema nina viatu vigumu sana.

Mama hakucheka. Amesema hawezi kuishi na basi lililolewa, siku moja litawalalia watoto. Kaka yake, yaani mjomba, analililia siku nyingi alifanye banda la kuku. Basi Jumamosi ikifika halijanyooka, aje na lori lake alivute.

Kuku! Kwenye mto wangu!

Jumanne, 6 Agosti

Fundi amekuja. Mtaa mzima unamwita Bado Kidogo, kwa sababu ukimuuliza kazi imefika wapi, hilo ndilo jibu.

Amepima upepo wa tairi. Ameingia chini ya gari, amegonga, ameguna, ametoka na mafuta puani. Binamu yangu alikuwa amechuchumaa pembeni akimsahihisha. Huyu ni mtoto wa mjomba, yuko kwetu likizo nzima, analala kwenye kochi. Alisoma chuo cha ufundi muhula mmoja, akatoka na jina la Injinia na ovaroli. Akasema ni ekseli. Fundi akamwambia, mdogo wangu, hiyo unayoishika ni bomba la moshi.

Uamuzi: springi ya kushoto imechoka. Atabana bamba la chuma juu yake, upande huo uinuke. Baba akauliza lini. Bado kidogo.

Basi bamba halitakuja kabla ya Krismasi. Nimeamua kujiokoa mwenyewe. Mpango: ndoo mbili zihamie chini ya kitanda cha kulia. Mbili huku, mbili kule. Gari linanyooka, hakuna anayejua. Nina akili kweli, tatizo ni kwamba siwezi kumwambia mtu.

Jumatano, 7 Agosti

Mchana, wote wakiwa mezani, nikasema tumbo linaniuma. Nikaja huku, nikasukuma. Ndoo mbili, jasho kama bomba lililopasuka. Nikachungulia nje. Limenyooka kama rula! Nikaenda kuoga nikiimba.

Naanza kujifuta, nasikia nyundo.

Bado Kidogo! Kwa mara ya kwanza katika historia yake amekuja mapema. Hakupima wala nini. Akabana bamba kushoto, akaita watu waone. Baba akaweka gololi. Ikatikisika kidogo, ikaenda zake kulia.

Fundi akakuna kichwa, akasema springi ya kulia imemwonea wivu mwenzake. Mama akampigia mjomba simu papo hapo. Niliposikia akimuuliza ana kuku wangapi, tumbo likaniuma kwelikweli.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimesema mbele ya watu. Sentensi nzima! Nimemwambia baba kwamba tangi la maji liko upande wa kulia, huenda limejaa, uzito ni huo. Baba akanitazama kama mtu aliyeokota saa ya dhahabu. Akaniambia, mwanangu, kumbe unafikiri!

Nilitaka tu wahangaike na tangi ili nipate nafasi ya kurudisha ndoo moja kushoto. Sikujua bomba la kutolea maji linaelekea kwenye kamba ya nguo. Sikujua pia kwamba yamebaki maji kidogo tu, yenye umri wa miaka miwili. Shuka nyeupe zimekuwa za kijani. Mama amemwita baba kwa jina lake kamili.

Katikati ya kelele zile nikarudisha ndoo yangu. Tatu kushoto, moja kulia, na bamba la fundi. Nikainua macho. Injinia yuko dirishani, meno yote nje!

Ameingia. Ameona kila kitu. Amenipapasa mkono, akauliza misuli yenyewe nimeificha wapi, au nayo iko chini ya kitanda. Akasema mambo haya anayamaliza sasa hivi: atazibeba zote, moja moja, azitupe nje ya ukuta, maana yeye si mwanamume wa karatasi. Akakunja ovaroli. Akashika ndoo. Akavuta.

Mgongo ukalia: ka!

Nimemkokota mpaka kwenye kochi. Amemwambia mama amelala vibaya. Mimi nangoja tu anitaje.

Ijumaa, 9 Agosti

Hajanitaja. Nilimpelekea uji, akaninong'oneza sababu. Mjomba amemwahidi kazi: gari likichukuliwa, yeye ndiye atakayeamka alfajiri kuwalisha kuku na kufagia chini yao. Kwa hiyo tuko upande mmoja. Ila anakitaka kitanda cha kulia. Nikakubali. Ningefanyaje?

Nje gari limenyooka, limetulia. Hatimaye! Nimelala mchana mzima kwa amani.

Jioni nimeambiwa kwamba nilipolala, Bado Kidogo alikuja akatoa bamba. Alikuwa hana usingizi tangu Jumatano, kazi yake ilimwaibisha.

Gololi: kushoto, mbio. Ng'!

Jumamosi, 10 Agosti

Asubuhi lori la mjomba likaingia kinyumenyume, mnyororo unaning'inia. Mjomba akashuka na futi ya kupimia. Akauliza vitanda vinatoka, maana kuku hawahitaji kitanda. Baba akasimama na gololi yake mkononi, mnyonge kama mtu anayeagwa. Akaomba apime mara ya mwisho. Mama akasema sawa, moja tu.

Na mimi nina ndoo tatu kushoto!

Nikatokeza kichwa mlangoni. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: subirini, sijavaa! Wakasubiri. Mjomba akaanza kuhesabu kwa sauti. Nikalala chali, nikasukuma. Ndoo ikafika katikati ya sakafu ikagoma. Mjomba akashika kitasa.

Hapo ndipo ikatoka nyumbani sauti ya mtu anayechinjwa. Mama yangu wee, nakufa, shangazi, mgongo! Wote wakakimbia. Injinia baadaye aliniambia nusu ilikuwa maumivu na nusu ilikuwa kipaji.

Nikasukuma kwa miguu yote miwili. Ikaingia.

Walipovuta pumzi na kurudi, baba akaweka gololi katikati. Haikwenda kushoto. Haikwenda kulia. Ikatulia kama yai. Baba akapiga magoti akaitazama muda mrefu mpaka mama akageuka kando, akasema haya, nguo zake zinamngoja. Mjomba akaondoka na mnyororo wake. Baba akampa mkono fundi, aliyekuja kushuhudia, akamuuliza basi kazi imekwisha? Fundi akasema bado kidogo.

Chumba ni changu. Chetu. Injinia anakoroma.

Jumapili, 18 Agosti

Nimejifunza jambo kubwa: usawa! Shida haikuwa ndoo. Shida ilikuwa kuziweka upande mmoja.

Kwa hiyo tumeongeza. Mbili kushoto kwangu, mbili kulia kwa Injinia, ambaye daktari amemwambia aimarishe mgongo. Saruji ya baba ilikuwa imebaki bado. Tumekoroga humo humo, ni haraka zaidi. Gololi haitikisiki! Gari haliinami popote. Linashuka tu, taratibu, pande zote sawa, na kitu kinachoshuka kimenyooka hakuna anayekipindia shingo.

Nimepima mkono kwa uzi. Ni ule ule. Muhula unafunguliwa kesho kutwa, bado nina kesho.

Namsikia baba huko nje. Anamuuliza mtu kama gari hili siku zote lilikuwa fupi hivi. Mtu anajibu kwamba limechoka, ila bado kidogo.

Nyayo. Ziko kwenye kidaraja. Kitasa kinazunguka, mlango unafunguka upana wa vidole viwili, unakwaruza saruji na kugota. Baba anauvuta. Anaita jina langu, anauliza nimeweka nini humu.

Nimesema viatu. Naficha ukurasa huu, lakini chini ya kitanda hakuna naf