Mikwaruzo ya Saa Moja Jioni

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Omurushaka. Mvua tangu alfajiri. Nimefika kazini saa mbili kamili, nimefuta redio vumbi, nimekaa.

Kwa kumbukumbu: mimi ni Nolasco, msimamizi wa simu ya upepo katika kampuni ya kununua ndizi na maharage. Malori matatu, redio moja ya mezani, kiti kimoja chenye mto. Mto ni wangu. Ukishaingia ndani ndani huko Kyerwa, nyuma ya milima, simu ya mkononi inabaki tochi tu. Dereva akitaka kujua daraja gani limezama, hana wa kumuuliza ila mimi. Mwaka wa sita sasa.

Leo bosi, Mama Immaculata, ameniita. Amesema wiki ya pili hii, kila jioni kuanzia saa moja, redio inakwaruza kama mtu anakaanga bisi ndani yake, na madereva hawasikii kitu. Nimemwambia ni hali ya hewa. Amesema hali ya hewa haina saa ya ukutani. Kisha amri: hadi Jumamosi mikwaruzo iwe imekwisha. La sivyo redio itahamia ghalani kwa Elpidius, na mimi nitahamia uwanjani kuhesabu mikungu ya ndizi.

Elpidius ndiye mtunza ghala. Alikuwepo. Alikuwa anatazama dirishani huku mabega yanamtikisika.

Jioni nimewasha taa zangu za kutegea senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua, nyuma ya ofisi, kama kawaida. Hili halihusiani na kazi. Naandika tu kwa sababu nimemwahidi baba mkwe, kule Muleba, debe moja zima. Mwaka jana nilimpelekea senene wa kununua, akawatambua kwa harufu. Tangu hapo ananiita yule kijana wa sokoni. Nina miaka arobaini na minne. Mavuno ya leo: robo ndoo.

Jumanne, 12 Novemba

Chanzo cha kelele kimejulikana: Elpidius. Ushahidi: ana mzani wa umeme, ana friji ya soda, na hanipendi.

Saa kumi na mbili na nusu nimepita ghalani kumsalimia. Alipogeuka kutafuta kalamu nikachomoa vyote viwili. Kisha nikarudi kutengeneza waya wa taa zangu, uliokuwa unaning'inia vibaya. Nimeupitisha sambamba na waya wa antena, nikaufunga kwa mpira sehemu kumi na mbili. Umependeza.

Saa moja, mikwaruzo. Tena imezidi. Sielewi.

Elpidius amekuta soda zake zina joto la uji, akampigia bosi. Bosi amenipigia mimi. Nimesema nilikuwa nafanya utafiti. Amesema utafiti unaofuata niufanyie chumbani kwangu.

Senene: nusu ndoo. Mke wangu Kokubanza amenyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikawa vya kijani. Ameniuliza kama kuna mtu ofisini anajua umeme wa zile taa unatoka wapi. Nimemwambia unatoka ukutani.

Jumatano, 13 Novemba

Ushindi. Upande wa kushoto wa redio kuna kitufe kidogo cha kuzungusha. Sijawahi kukigusa. Saa moja na dakika tano nimekizungusha hadi mwisho, na mikwaruzo ikakatika. Kimya kabisa. Kimya cha kanisani siku ya kazi.

Nimempigia Mama Immaculata, nikaisogeza simu kwenye redio ili ausikie ukimya wenyewe. Amesikiliza dakika nzima. Amesema hongera. Nimeliandika neno hilo kwenye daftari la kazi, pamoja na saa.

Baadaye. Saa tatu ameingia Mbonimpa, dereva wa lori kubwa, matope magotini. Amenisalimia vizuri, ameomba maji, amekunywa. Kisha amesema amekwama mlimani saa nzima na ameniita mara kumi na nane. Alikuwa anahesabu. Kile kitufe, nimekuja kujua, kinanyamazisha kelele pamoja na watu.

Nimemwomba asimwambie bosi. Amesema alishamwambia, alikutana naye njiani.

Alhamisi, 14 Novemba

Asubuhi nimempelekea Mama Immaculata sahani ya senene wa kukaanga, wenye chumvi na kitunguu. Amekula wote huku akinisema. Ameuliza wametegwa wapi. Nimesema ni wa nyumbani. Amesema kesho analeta fundi.

Sikumngoja fundi. Saa nane nimehamishia malori yote kwenye chaneli nyingine. Safi, hakuna hata chembe ya kelele. Saa tisa nimegundua kwamba chaneli hiyo ina wenyewe. Kuna mwanamke huko, sijui wa kampuni gani, anayetoa amri bila kupumua. Nimemwomba kwa heshima ahame. Ameniuliza mimi ni nani. Nimemwambia cheo changu. Amesema niondoke hewani, wenzangu wanafanya kazi.

Saa kumi Mbonimpa hajafika. Saa kumi na moja hajafika. Amefika saa kumi na mbili, akitokea Kihanga, ambako hakuna mtu wetu. Amesema redio ilimwamuru apeleke lori Kihanga haraka, akaenda. Alidhani ni Mama Immaculata ana mafua. Kule amekuta mafundi wa nyumba wanasubiri mawe. Wameona ndizi, wamesikitika kidogo, kisha wamebaki na mikungu mitatu.

Tumerudi chaneli ya zamani. Saa moja, mikwaruzo.

Senene: ndoo moja kamili. Debe limevuka nusu.

Ijumaa, 15 Novemba

Fundi anaitwa Niyitegeka. Mdogo kwangu, ameniamkia shikamoo, nikaanza kumpenda. Nilitegemea atafungua redio. Hakuifungua. Amesubiri hadi saa moja, kelele zilipoanza ametoa mfukoni kiredio kidogo cha betri, cha kusikilizia mpira, akaanza kutembea nacho. Kelele zikipungua anageuka, zikizidi anasonga mbele. Amepita ghalani, zimepungua. Hili limeniuma. Amezunguka ofisi. Kiredio kimeanza kulia kwa nguvu. Nimemwambia huko nyuma kuna nyoka. Ameendelea.

Amekuta mabati, mapipa, na taa zangu mbili kubwa za barabarani, zilizokwishatumika kwingine kabla yangu. Ameniomba nizizime. Redio ndani ikanyamaza. Ameniomba niziwashe. Ikakaanga bisi. Tumerudia mara nne, kwa sababu nilikuwa na matumaini.

Amenieleza polepole. Visanduku vya kuwashia taa vimechakaa na vinatoa cheche. Maungio ya waya yamesokotwa kwa mkono. Na waya wenyewe umefungwa kwenye waya wa antena, kwa hiyo kelele zote zinapanda hadi juu. Ameuliza ni nani aliyeufunga vile. Nimesema tuliukuta hivyo.

Nimemweleza habari ya baba mkwe. Naye ana mkwe, amenielewa. Amekubali kumwambia bosi kwamba chanzo ni waya mbovu, jambo ambalo ni kweli. Sharti moja: malori yakiwa njiani, taa zisiwake. Nimekubali. Nimekubali kwa moyo mweupe, na naliandika hapa ili lijulikane.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya mtihani. Mama Immaculata mwenyewe ametoka asubuhi na lori la Mbonimpa, ili jioni asikilize redio akiwa njiani. Nimeuondoa waya wangu kwenye antena. Taa nimezizima.

Saa moja kamili nimeita. Bosi amejibu mwenyewe. Amesema ananipata vizuri kama niko kiti cha nyuma. Tumezungumza nusu saa nzima bila mkwaruzo hata mmoja. Amesema chumba cha redio ni changu, kiti ni changu, na Jumatatu tutasahau yaliyopita. Mlango ulikuwa wazi, Elpidius amesikia kila neno. Amekwenda nyumbani bila kuaga.

Sina la kuongeza. Saa moja na nusu sasa. Mvua imekatika, kuna joto. Nachungulia dirishani, naona taa za majirani zimezungukwa na ukungu wa kijani.

Wamekuja.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika kwa utulivu.

Jana, baada ya kusifiwa, niliona kwamba mtihani umekwisha. Niliwasha taa saa moja na dakika thelathini na mbili. Sijawahi kuona vile. Walikuwa wanagonga mabati kama mawe na kuteremka pipani wenyewe, bila kusukumwa.

Saa moja na dakika arobaini alifika mtu wa pikipiki. Alisema maji yamefunika njia ya Rugera, lori lisipite. Ndiyo njia ya mkato ya Mbonimpa. Nilikimbilia redioni, nikaita. Bisi.

Hapa nataka nijieleze. Swichi ilikuwa karibu, mkono wangu ulikuwa juu yake. Lakini pipa la pili lilikuwa limefika robo tatu. Nilipiga hesabu kwamba Mbonimpa ni mwendeshaji wa polepole. Nikajipa dakika kumi. Niseme kweli: kuanzia ya tatu nilikuwa na aibu, na nilikaa nayo hadi ya kumi.

Nilizima. Redio ikawa safi. Mbonimpa alijibu papo hapo. Alisema wameshazama, tope liko mlangoni, hakuna aliyeumia, na mama anataka kuzungumza.

Mama Immaculata hakupandisha sauti. Alisema pale walipokwama ni mteremkoni, na Omurushaka yote inaonekana. Alisema alikuwa anaitazama taa kubwa moja nyuma ya ofisi yake, akijiuliza ni ya nani. Ikazimika, na sauti yangu ikaja wakati huohuo. Aliniuliza kama nina maelezo. Nilisema ova, nikaachia kitufe cha kuongelea.

Walilala kwenye lori, na mikungu mia mbili.

Senene: debe limejaa hadi mdomoni. Nimelipeleka kwenye basi la asubuhi.

Jumatatu, 18 Novemba

Redio imehamia ghalani. Elpidius amekalia kiti changu. Mto nimebaki nao. Amenisalimia kwa adabu sana, bila hata kutabasamu, na hilo ni baya kuliko kufokewa. Nimehesabu mikungu mia moja na sitini, mara mbili, majibu tofauti.

Bosi ameagiza nichukue taa zangu na nisizionyeshe tena karibu na chumba kile cha zamani. Nimemwahidi. Hajasema zaidi ya hapo.

Saa saba baba mkwe amepiga simu. Debe limefika. Ameonja, akasema hawa ni wa kutegwa. Ameniita mkwe wangu. Miaka kumi na moja ya ndoa, mara ya kwanza. Ilibidi nigeukie ukuta kidogo. Kisha akasema kaka yake ameona, naye anaomba lake.

Mchana Niyitegeka amesimamisha mlingoti mpya juu ya ghala, ili Elpidius awapate madereva hata nyuma ya milima. Bomba la chuma, mita kumi na mbili. Nimeulizia kama ni imara. Amesema linabeba hata mtu.

Nimekaa chini yake na daftari la mikungu, nikalitazama hadi jioni. Ndiyo sehemu ya juu kuliko zote Omurushaka. Taa ikiwa pale, senene wa Karagwe nzima wangeiona. Na kule kileleni hakuna kitu kabisa, ila antena tu.