Bampa Iliyozidi Geti

Jumapili, tarehe 3 Machi

Jirani kafunga bampa mpya ya nyuma! Ya chuma, nyeusi, ina mkono wa kubebea tairi ya akiba. Leo ameosha gari mara mbili, na mara zote mbili aliliegesha makalio yakitazama dirisha langu. Ni daktari wa meno. Uani kwetu tunamwita Meno. Gari lake la porini halijawahi kuona pori, isipokuwa labda lile la mbele ya zahanati yake. Langu limeona mito, mawe na ng'ombe. Halafu nani anasifiwa? Meno!

Habari mbaya zaidi ilikuja mezani. Mama mkwe yupo kwetu wiki ya tatu kwa matibabu ya goti. Jumamosi anarudi kwake, juu mlimani, kwenye ile njia inayotafuna magari. Mke wangu ametamka mbele ya mama yake, kwa hiyo haitanguki: gari likimfikisha mama, litabaki. Likishindwa, Jumatatu yake linauzwa. Mnunuzi yuko tayari. Meno! Anataka kulinyofoa vipuri.

Nililinunua mwaka niliooa. Watoto wetu watatu wote walitoka hospitali ndani yake. Nilikosa hamu ya kula, nikala kidogo tu, sahani mbili.

Mke wangu anasema kinachotakiwa ni betri. Wanawake! Gari linasukumwa kidogo tu asubuhi, linawaka. Kinachokosekana ni bampa. Kila mtu anajua mlimani gari hupandishwa na nyuma yake.

Jumatatu, tarehe 4

Nimekwenda duka la vifaa vya magari. Bampa za nyuma za aina tatu. Ya plastiki: ya watu wanaokwenda ofisini na kurudi. Ya bomba: ukiitundikia taulo inakaa. Ya tatu! Chuma kizito, mkono wa tairi, vishikio viwili vya kuvutia magari ya wenzako yakikwama. Nilijiona tayari nikimvuta Meno kutoka topeni, naye akinishukuru kwa machozi.

Muuzaji akauliza gari langu ni toleo la mwaka gani. Nikamwambia. Akasema kwa heshima kuwa watu wenye gari hilo siku hizi hawatafuti bampa, wanatafuta mnunuzi. Nikatoka bila kuaga.

Sikukata tamaa. Nyuma ya soko kuna fundi wa kuchomelea, mtu mmoja mfupi mwenye miwani myeusi hata kivulini. Amesema atanitengenezea bora kuliko ya dukani. Ila yeye haondoki karakana yake: ama gari lije, ama vipimo vije. Gari haliwezi kwenda, kwani kulisukuma kungemwamsha mke wangu kimaswali. Basi vitakwenda vipimo. Malipo tumekubaliana achukue jenereta langu. Anadhani kanipata. Hajui kuwa halijawaka tangu mwaka juzi.

Jumanne, tarehe 5

Nyumba nzima ina tepu moja ya kupimia, nayo inaishi shingoni mwa mke wangu. Ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini huu. Kuiazima ni kuulizwa. Kuulizwa ni kujibu. Kujibu ni kukorofishana.

Nikapata akili! Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyejirudi, kwamba gari limepigwa jua vya kutosha, naomba alishonee turubai la kulifunika. Alinitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani asiousomea. Akatoka mwenyewe, pini mdomoni. Mama mkwe akashika ncha ya pili ya tepu, huku kaegemea mkongojo. Wakapima kila upande. Mke wangu akaandika kwenye daftari lake la wateja, chini ya vipimo vya gauni la bibi harusi.

Walipoingia ndani nilinakili vipimo vya nyuma. Dhamiri ilinisuta hadi chai ilipoiva.

Jumatano, tarehe 6

Fundi alisoma vipimo, akavua miwani, akasoma tena. Akauliza kama hili ni gari au ni basi. Nilimjibu kuwa mke wangu hajawahi kukosea kipimo tangu tuoane, na kwamba mashati yangu ni ushahidi. Akasema mshona chuma si mshona shati, lakini kazi ni ya mwenye mali.

Nimeongeza mkono wa tairi, vishikio vinne badala ya viwili, kibebeo cha dumu la mafuta na cha sepetu. Sepetu sina. Nitatafuta. Fundi alinionya kuwa itakuwa nzito. Nikasema ndiyo maana ya chuma.

Nimerudi nyumbani nimemkuta mke wangu kakunja turubai jipya mapajani, anashona. Kaahirisha gauni la bibi harusi kwa ajili yangu! Nikaenda kukaa chooni kidogo, kwa aibu.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi mke wangu kampeleka mama kliniki. Bampa ikaja kwa mkokoteni, watu wanne wakiisukuma na mmoja akiwatukana. Wameifunga kwa bolti nane. Nilifumba macho ili niione kwa mshangao.

Nilishangaa kweli. Imetokeza shubiri nzima kila upande. Gari limekuwa kama mtu aliyevaa koti la marehemu kaka yake mnene. Halafu uzito! Nyuma imekaa chini, mbele imenyanyuka, taa zinatazama mawingu.

Wakarudi. Mama mkwe akasimama, akauliza kwa upole kabisa kama gari linajisikia vibaya. Mke wangu hakuuliza kitu. Alizunguka gari mara moja, akaingia ndani, akatoka na daftari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ukaja. Kumbe kila anachoshona hukiongezea! Gauni, pazia, turubai, lazima kiwe na nafasi ya kukunja na ya kupumulia. Kwa turubai la gari aliongeza shubiri moja kila upande, kama fundi yeyote mwenye akili. Kitambaa kikizidi hupunguzwa, kikipungua hakuna dawa.

Nikajitetea kuwa alipaswa kunieleza. Akasema nami nilipaswa kumweleza kuwa turubai langu ni la chuma. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Sijui alikuwa analia au anacheka. Mabega yalikuwa yanacheka.

Mke wangu kamalizia kwamba Jumamosi iko palepale.

Ijumaa, tarehe 8

Nikapiga moyo konde. Leo ni siku ya majaribio. Gari lilisukumwa na wapangaji wawili, likawaka. Nikaelekea getini. Uani tupo nyumba tano, geti ni moja.

Mbele ikapita. Milango ikapita. Kisha kitu kikagusa. Nikadhani ni jiwe. Mwanamume hashuki kwa jiwe, nikakanyaga mafuta. Gari likaruka, likasema kwaa! Bampa ilikuwa imezidi geti kwa upana wa kidole kimoja tu, na kidole hicho sasa kimejikita baina ya nguzo mbili. Mbele haliendi. Nyuma halirudi. Likazimika.

Meno alikuwa nyuma yangu, kafunga tai, anawahi wagonjwa. Alipiga honi. Nikamwonyesha kwa mkono avute subira. Akapiga tena. Wapangaji wakatoka kwa mlango mdogo wa pembeni, kila mmoja akinipa pole isiyo na huruma.

Mwishowe Meno akageuza gari, akafunga kamba kutoka bampa yake hadi yangu ili anivute nirudi ndani. Akasema, kwa madaha, kuwa bampa ya dukani ina nguvu za kuvuta nyumba. Akakanyaga. Kamba ikakaza. Kitu kikang'oka.

Ya kwake! Imeng'oka yote, na mkono wake na tairi yake, ikabaki inabingirika uani kama sufuria. Yangu haikutikisika hata nukta! Niliruka kwa furaha. Nikampa mkono. Hakuupokea. Amekwenda kazini kwa miguu.

Mke wangu aliyaona yote dirishani. Nilimwonyesha kidole gumba. Akafunga pazia.

Jumamosi, tarehe 9

Saa mbili asubuhi gari bado liko getini, mama mkwe amekaa juu ya mizigo yake, amevaa viatu. Nilianza kuogopa kwa kweli. Nilikaa nimeshika usukani, nikajiona mjinga, nikataka kulia.

Mke wangu ndiye aliyemwita fundi. Yule asiyeondoka karakana alikuja mbio! Mke wangu akainama na chaki yake ya kushonea, akachora mstari kila ncha ya bampa, akamwambia akate hapo, asizidishe hata uzi. Cheche zikaruka, vipande vikaanguka, gari likateleza nje lenyewe kama limetolewa mwiba. Wapangaji wakalisukuma. Hata Meno alisukuma, nadhani ili tuondoke.

Chini ya mlima tulikwenda vizuri. Kisha njia ikainuka. Kwa uzito wa nyuma, magurudumu ya mbele yakawa yanagusa ardhi kwa kupenda. Nikikata kona kulia, gari linakwenda moja kwa moja. Kona ya kwanza tulikosa mtaro kwa unywele. Kona ya pili mama mkwe akaomba kushuka. Mke wangu, gauni lake zuri na yote, akapanda juu ya boneti na gunia la unga la mama yake mapajani ili mbele ipate uzito. Hapo gari likatii. Mama mkwe akatangulia na mkongojo wake, taratibu, na kila kona tulimkuta anatusubiri.

Tulipofika, alikuwa kishafungua mlango na kuteka maji.

Mke wangu akashuka mweupe kwa unga. Akasema ameshuhudia kwa macho yake: gari halikumfikisha mama, mama kajifikisha mwenyewe. Kwa hiyo Meno aje Jumatatu. Nililitazama gari langu linalotoa moshi pale kwenye kitalu cha mboga, nikawakumbuka watoto wakiwa wamefungwa mablanketi.

Mama mkwe akakohoa. Akasema yeye alipandia gari mbele ya nyumba yetu na mizigo yake imeshukia mlangoni kwake. Kule kutembea ni agizo la daktari, goti linahitaji mazoezi. Gari limemfikisha. Mke wangu alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Mama yake akatazama mboga.

Basi gari linabaki! Nilipiga magoti kumshukuru mama mkwe. Akaninong'oneza kuwa nikiuleta tena ule mzoga wa chuma kwake, mara ya pili ushahidi wake utakuwa mwingine.

Njiani kurudi mke wangu kanipa masharti yake. Bampa ing'olewe, apewe Meno kufidia ya kwake. Na nyuma ya gari nisiongeze tena hata msumari, maisha yangu yote. Nimeapa.

Jumapili, tarehe 10

Bampa imeng'olewa. Nyuma imepanda, mbele imeshuka, taa zinatazama barabara kama zamani. Meno kaipokea bila kusema asante. Mke wangu kanipa uji kwa mkono wake, nami nikamwambia kwa moyo wote kuwa nimejifunza.

Na ni kweli. Nimekaa kitako nikayapima mambo. Bampa ya nyuma haikuwa na kosa lolote, ilikuwa bampa ya kiume. Kosa ni kwamba mbele hapakuwa na kitu cha kuisawazisha. Mke wangu mwenyewe alithibitisha hivyo kwa kukaa kwenye boneti.

Nimepita kwa fundi baada ya chakula cha mchana. Anasema bampa ya mbele lazima iwe nzito mara mbili, na ina nafasi ya mashine ya kujivuta. Nimemwambia aanze kesho.

Kiapo ni kiapo, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Mke wangu alisema nisiongeze kitu nyuma. Nilimsikia vizuri sana. Mbele hakutaja.