Mama Mkwe na Ng'ombe wa Kwenye Diski

Nkende, Tarime

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe,
Gorong'a.

Shikamoo. Natumaini nyumba na ng'ombe, wale wa kweli, wako salama. Mimi mkweo Marwa naandika nikiwa jikoni, nimekalia debe, kwa sababu sebuleni yuko Mama Mkwe, na mila unaijua: mimi naye hatuwezi kukaa chumba kimoja wala kutazamana. Nimetoka machimboni nije kupumzika na mke wangu Rhobi, lakini nyumba yangu mwenyewe naizunguka kwa nje kama mwizi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta niliyoinunua kwa dhahabu ilikuwa imejaa, hivyo fundi Imrani akaniletea diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, akaweka humo gemu ya kufuga ng'ombe. Mama alikuja kutusalimia tu. Akajaribu kuchunga. Huu mwezi wa pili, bado anachunga.

2. Nilimtuma Rhobi aichomoe diski. Lakini Imrani alituonya kwamba ukiichomoa gemu ikiwa wazi, vyote vilivyomo vinaharibika, na Mama haifungi kamwe. Anauliza ni mchungaji gani anayeacha zizi peke yake. Rhobi naye amekataa katakata kuua ng'ombe wa mama yake. Hata ugali wangu unasubiri Mama amalize kukamua.

3. Hili ndilo zito. Ndani ya gemu nina mtu wangu, nilimpa jina langu. Nisipokuwepo, kompyuta humwendesha yenyewe. Basi mtu wa Mama alikwenda kisimani kunywesha, wakakutana uso kwa uso, na huyu wangu, bila haya hata kidogo, akampungia mkono! Mama alipiga yowe, akajifunika kanga kichwani. Baba, nimeaibika sana.

4. Kwa hiyo naomba wazee wa ukoo waje watutakase kwa mbuzi, mimi na yule wa kwenye diski. Mbuzi awe wa kweli, maana Mama ameshaanza kuchagua kwenye zizi la gemu. Ikishindikana, njoo umchukue mkeo, diski na kompyuta yenyewe, mradi nikae na mke wangu kwenye kiti changu.

Nisalimie wajomba, mashangazi, watoto na majirani wote.

Mkweo mtiifu asiye na sebule,
Marwa

Nyongeza: Baba, kabla sijafunga bahasha, fisi wameingia zizini kwa Mama. Kilio chake nilikisikia hadi huku jikoni. Nilipaza sauti kupitia ukutani, nikamwelekeza jinsi ya kufunga lango la upande wa mtoni. Ng'ombe wote wamepona. Kisha, ukuta ukiwa katikati yetu, akanishukuru na kuniita mwanangu. Tangu nimwoe Rhobi hajawahi kunisemesha. Nimefurahi mpaka debe limeanguka. Tafadhali usije kumchukua. Kuna mtamba anakaribia kuzaa, na Mama amesema ndama akiwa dume ataitwa Marwa.