Mto Uamriwe Urudi Nyuma

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mazingira,

Salamu nyingi kutoka nchi kavu. Narudia: kavu.

Mimi ni mjenzi na mwenye majumba ya kupangisha yaitwayo Ukingoni. Mjini wananiita Bosi Zege, na jina hilo nalivaa kifua mbele, maana wapo watu ofisini kwako ambao hawajawahi kusimamisha hata banda la kuku. Nakuandikia kupinga amri yenu ya kubomoa jengo langu la kwanza, kwamba eti nimejenga mtoni. Naandikia ofisini kwangu huku mlimani, kwa sababu mvua ya tangu jana imenizuia kushuka kiwanjani. Mheshimiwa, maji yamenifika shingoni. Huo ni msemo tu. Usimwambie afisa wako, atautia kwenye ripoti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Afisa mwenyewe. Mlinitumia mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, siku ya jua kali! Mtu anayeingia kiwanja cha watu namna hiyo ameshaamua atakachokikuta. Akasoma kibao changu cha getini, akanikazia macho, akauliza: ukingoni mwa nini? Nikamjibu: mwa maendeleo. Akaandika. Nikamweleza kwamba tangazo letu linaloahidi "mandhari ya mto dirishani kwako" ni lugha ya biashara, na lugha ya biashara haipimwi kwa futi. Akaandika na hilo. Dada huyo ana mwandiko mbaya na roho mbaya zaidi.

2. Alama ya X. Ameichora kwa rangi nyekundu kando ya mlango wa nyumba ya chini kabisa. Nimeipaka nyeupe juu yake, ikajitokeza. Nikapaka tena, ikajitokeza tena. Fundi rangi akasema ukuta una unyevu. Nimemfukuza kazi. Naomba ofisi yako nayo ipelekwe mahakamani kwa kuchafua mazingira ya ukuta wangu.

3. Tathmini. Mnadai sikutathmini athari za mradi kwa mazingira. Ala! Mtaalamu wangu aliniletea kitabu kinene chenye jalada gumu, nikakitia sahihi bila kukichosha kwa kukisoma. Sasa kama ukurasa fulani unaahidi kuwahamisha pundamilia kabla ya mgodi kufunguliwa, kosa langu liko wapi? Mtaalamu alikuwa na haraka. Na mpaka leo hakuna pundamilia hata mmoja aliyedhurika Ukingoni. Nitajie mjenzi mwingine mwenye rekodi kama hiyo.

4. Vyura. Wamejaa chini ya madirisha ya wapangaji, wanapiga kelele, hawana mkataba na hawalipi kodi. Afisa wako alipowasikia alitabasamu. Yaani mimi nikijenga bila kibali ni mhalifu, chura akihamia bila kibali ni ushahidi. Hii ndiyo sheria mliyoisomea?

5. Huo mto wenyewe. Mto gani? Nilipokinunua kiwanja palikuwa na kijito kinachojikokota kama mgonjwa. Nikakionea huruma, nikakifukia kwa kifusi, lori baada ya lori. Kwa hiyo hakipo. Mnamtetea marehemu, Mheshimiwa, na jirani zangu mnaowasikiliza ni wafiwa wa kujitakia.

Mto ninaoutambua mimi pale Ukingoni ni mmoja tu, ule wa kulalia. Na shahidi ninaye: mama yangu mzazi. Nilipoona maneno yamezidi, nilimhamishia kwenye nyumba ya chini, hiyo hiyo yenye X, ili wapangaji waone. Mtu gani angemweka mama yake mahali pa hatari? Mama hulalamika kidogo, mara ukuta unatoka jasho, mara khanga zinanuka uvundo, lakini wazee ndivyo walivyo, nami humwambia ni rangi mpya.

Juzi akasema shingo inamuuma. Leo asubuhi nimemtuma dereva ampelekee mto mpya, laini, wa bei mbaya. Muda si mrefu mama akanipigia simu: "Mwanangu, mto umefika kitandani." Nikamwambia vizuri sana mama, ulalie tu. Halafu akasema, "Haya, baba, kama ndivyo unavyotaka," simu ikakatika. Umeona? Mama mtu mzima, hana elimu ya mazingira, lakini anajua mto mahali pake ni wapi. Ofisi nzima yenye magari na vipimo haijui!

6. Na hata tukubali, kwa kubishana tu, kwamba mto mnaousema upo. Sheria yenu inataka mita sitini kati ya mto na nyumba. Nimeisoma yote. Hakuna mahali iliposema nani amsogelee nani, wala nani arudi nyuma. Nyumba yangu haina miguu. Imesimama pale pale ilipomwagiwa zege. Anayetembea ni mto. Basi naomba amri yenu iandikwe upya kwa jina la mto, urudi nyuma mita sitini mara moja, na ukikaidi uchorwe X.

Nategemea jibu lenye akili, ingawa nimeshawazoea.

Wasalimie wote hapo ofisini: makarani, walinzi, mpishi wa chai, na huyo dada wa mabuti, kama ameshayavua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bosi Zege

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha dereva akaingia, amelowa chepechepe. Mkononi ana mto, ungali ndani ya nailoni yake. Anasema hakufika. Getini hapapitiki, kifusi chote kimesombwa. Nimempigia mama, simu haiiti. Mheshimiwa, nakuomba, mtume yule dada na mabuti yake, aje na mashua kama mnayo, anaijua njia. Barua hii dereva anakuletea mkononi, mimi natangulia. Mlango ni ule wenye X. Bado inaonekana.