Msumari wa Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya tatu bila mteja. Hata nzi wamehamia kwa Kipara, ng'ambo ya barabara, kwenye baa yake yenye televisheni. Shangazi, mwenye nyumba hii, amenipa hadi Jumamosi: baa isipojaa, funguo anampa Kipara. Nami nalala chumba cha nyuma. Nitakwenda wapi na godoro langu?

Lakini nina kitu ambacho Kipara hana. Historia! Wakoloni ndio walioijenga baa hii. Misumari yao ya kutundikia vikombe bado iko ukutani, ina namba, kila mzungu na wake. Na mtaa mzima hunong'ona kwamba humu kuna mtu. Basi nitawapa mtu. Mzungu wa namba saba, aliyekufa akisubiri bia. Kila siku saa nane mchana huja kuinywa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kipara maskini hana hata moja.

Jumanne, 5 Machi
Nimefaulu! Nimekilowesha kikombe cha bati kwa bia kisirisiri, nikakitundika namba saba. Saa nane kamili nikawaita wapita njia, nikawaonyesha. Kimelowa! Fundi viatu kapiga yowe, kisha akaagiza mbili. Vichwa kumi na sita. Kipara alisimama mlangoni kwake, uso umemshuka. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi
Amekuja bibi mmoja aliyekuwa akiosha vikombe hapa enzi za wakoloni. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, mjukuu wangu, umekosea mtu. Hakuwa mzungu, alikuwa mhudumu wao. Weusi walikatazwa kunywa humu, kazi yao ilikuwa kumimina tu. Siku moja akachoka, akajipigia msumari wake mwenyewe, akatundika kikombe chake. Kesho yake alikutwa amekufa chumba cha nyuma. Hakuna aliyeuliza.

Chumba cha nyuma ni changu!

Nimehesabu misumari. Minane ina namba. Wa tisa hauna, tena umepinda. Miaka sita natundika hapo kofia yangu. Godoro nimelihamishia chini ya kaunta.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefunga baa nikaenda kumbembeleza Shangazi aongeze siku. Kakataa. Nimerudi saa nane. Kufuli liko vilevile, ufunguo mfukoni mwangu. Kofia iko sakafuni. Kikombe kimetoka namba saba, kiko kwenye msumari uliopinda. Kimelowa. Sikukilowesha mimi! Nimetoka mbio na kiatu kimoja, nalia kama mtoto, mtaa mzima unatazama.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna aliyekanyaga. Wote wako kwa Kipara, viti wamevigeuza kuelekea mlango wangu. Televisheni imezimwa, kipindi ni mimi. Nimemwomba fundi viatu akanitolee kiatu changu. Kasema hata kingekuwa cha mama yake mzazi, asingeingia. Nimeshinda kibarazani, naruka kila mlango ukilia. Naogopa. Naogopa kweli.

Jumamosi, 9 Machi
Yule bibi amewasimulia Shangazi na Kipara habari za mhudumu. Shangazi kasema dawa ni nyepesi. Niingie, niwaambie watu ukweli kuhusu namba saba, nimmiminie yule mhudumu bia ya kwanza. Baa itabaki yangu. Miguu imegoma. Halafu nikiri uongo mbele ya Kipara? Afadhali nife!

Kipara akavuka barabara. Akaingia, akajaza kikombe, akakiweka kauntani chini ya msumari wa tisa. Akasema, karibu mzee wetu, leo ni zamu yako kuhudumiwa. Alikuwa anatetemeka, nilimwona kwa macho yangu. Lakini aliingia. Watu wakamfuata, pakajaa mpaka dirishani. Yule bibi kaketi mbele kabisa, anafuta machozi. Shangazi akamkabidhi Kipara funguo.

Niko nje na godoro langu, Kipara kanitolea. Imeniuma, sitaficha. Lakini ngoja! Baa ya Kipara ya ng'ambo sasa ni tupu. Nitaipanga mimi. Inakosa mzimu tu. Nafikiria bibi harusi aliyeachwa siku ya ndoa. Huyu hawezi kunitisha, nimemtunga mwenyewe. Nimeshamuuliza fundi viatu, na mke wake yuko tayari kuniazima gauni.